Mlinganisho wa maneno: Swali dogo linaloweza kumeza ada ya kahawa

BUKOBA. Katika hesabu za familia nyingi za Bukoba na Muleba, ada ya shule ni uwekezaji unaotangulia mwingine wote. Kahawa huuzwa, ng'ombe hufuata, na aliyebanwa zaidi huingia kwenye butura, yaani kuuza kahawa ikingali mtini kwa bei ya kutupa. Baada ya miaka zaidi ya kumi na tano ya darasani, mtaji huo wote huweza kukwama mbele ya karatasi moja ya usaili wa mchujo.

Miongoni mwa maswali yanayotumika katika mitihani ya kupima uwezo wa kufikiri ni mlinganisho wa maneno. Mtahiniwa hupewa jozi moja ya maneno, kisha hutakiwa kukamilisha jozi ya pili kwa uhusiano ule ule. Mwandishi wa makala haya, akiwa ndiyo kwanza amehitimu shahada ya biashara, aliwahi kuanguka katika mtihani wa namna hiyo. Hakukosa msamiati, alikosa utaratibu. Utaratibu wenyewe ni huu.

Kwanza, tunga sentensi fupi inayounganisha jozi ya kwanza kabla ya kutazama majibu. Dagaa kwa samaki ni kama robusta kwa nini: arabika, kahawa, gunia au chai? Mwenye haraka huchagua arabika, kwa kuwa majina hayo mawili hutajwa pamoja. Lakini sentensi inasema "dagaa ni aina ya samaki". Robusta ni aina ya kahawa. Arabika ni ndugu yake tu.

Pili, sentensi ikikubali majibu zaidi ya moja, ikaze. Mvuvi kwa ziwa ni kama mkulima kwa nini: jembe, shamba, mazao au soko? Ukisema "mvuvi anahitaji ziwa", majibu yote manne yanapita. Ukisema "mvuvi hufanyia kazi yake ziwani", linabaki shamba peke yake.

Tatu, shika mwelekeo. Mkopo kwa riba ni kama nyumba kwa nini: mpangaji, kodi, mwenye nyumba au fundi? Ukitumia mkopo unalipa riba, na ukitumia nyumba ya mtu unalipa kodi. Anayeweka daftari la biashara anafahamu hasara ya kuandika fedha upande usio wake.

Nne, pima kiwango. Manyunyu kwa mafuriko ni kama hasara kwa nini: faida, mtaji, deni au kufilisika? Mafuriko ni maji yaliyopita kiasi, hivyo jibu ni kufilisika.

Hata hivyo, maswali haya yana lawama zake. Huko Marekani, mtihani wa SAT wa kuingilia vyuo uliwahi kuuliza swali lililofananisha mkimbiaji na marathoni kwa mpiga kasia na regatta, yaani mashindano ya mitumbwi. Wakosoaji walisema swali hilo lilipima utajiri wa nyumbani kuliko akili. Kijana wa kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, anaweza kupiga kasia tangu utotoni na bado asijue neno hilo. SAT iliyaondoa maswali hayo mwaka 2005, GRE ikafuata mwaka 2011, na mtihani wa Miller, uliojengwa juu ya milinganisho, ulisitishwa mwaka 2023. Kwa mtahiniwa anayekutana nayo, lawama hizo hazimwongezei alama. Mazoezi ndiyo yatakayomsaidia, hasa ya maneno ya fani asizozizoea.

Aidha, somo hili halimhusu mtafuta kazi peke yake. Mfanyabiashara hulinganisha kila siku, na mlinganisho mbovu una bei. Kimbunga Hudah kilipoipiga Madagaska mwaka 2000, bei ya vanila duniani ilipaa hadi kufikia dola 500 hivi za Marekani kwa kilo mwaka 2004. Katikati ya mwaka 2005 ilikuwa imeporomoka hadi dola 40 hivi. Mche wa vanila huchukua takriban miaka mitatu kuzaa. Aliyepanda kwa kutazama bei ya kileleni alilinganisha vibaya: bei ya leo ni kwa mavuno ya leo, kama mche wa leo ulivyo kwa bei ya miaka mitatu ijayo, ambayo hakuna aliyeijua.

Mzazi mwenye kijana anayesubiri usaili anaweza kuanza jioni hii, bila gharama. Mpe jozi moja kutoka sokoni, umtake atamke sentensi kwanza, jibu baadaye. Akizoea kutamka uhusiano kabla ya kuchagua, ada iliyolipwa kwa kahawa itakuwa na nafasi nzuri zaidi ya kurudi nyumbani na faida.