Je, Wajua? Wapiga Ala Waliotembea Nchi za Majini na Kuzimu

Je, wajua kuwa yule mpiga kinubi asiye na makao, anayeonekana siku hizi katika riwaya, filamu na michezo ya kompyuta yenye mazimwi na wachawi, aliingia katika michezo ya mezani mwaka 1976? Februari mwaka huo jarida la Marekani liitwalo The Strategic Review lilichapisha makala ya Doug Schwegman iliyomwongeza mwanamuziki huyu kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wakati huo ulikuwa na umri wa miaka miwili tu. Kanuni mpya za mwaka 1978 zikamfanya kuwa mhusika mgumu kumpata kuliko wote. Mchezaji alitakiwa awe askari kwanza, kisha mwizi, na ndipo akubaliwe kujifunza kuimba.

Wako waliolalamikia sharti hilo. Mimi naliona lina maana, kwa sababu ngano za kale, kuanzia misitu ya Kongo hadi visiwa vya Japani, humtuma mpiga ala mahali ambapo mwenye upanga amekwama. Tena nyuma ya ngano nyingi kati ya hizo kuna watu wa kweli, wa damu na nyama, waliozunguka vijiji na ala zao begani.

Chukua Ayalandi. Katika visa vyake vya kale yumo Dagda, mmoja wa miungu, ambaye kinubi chake kilitekwa na maadui vitani. Dagda aliingia ukumbini mwa maadui hao, akakiita kinubi, nacho kikabanduka ukutani na kumrukia mkononi, kikiua watu tisa njiani. Kisha akapiga nyimbo tatu: ya kwanza ikawaliza, ya pili ikawachekesha, ya tatu ikawalaza usingizi. Akaondoka na wenzake bila mtu wa kuwafuata. Mpaka leo wapiga kinubi wa nchi hiyo wanazijua aina hizo tatu: ya kilio, ya furaha na ya usingizi.

Huyo ni mungu wa hadithi. Turlough O'Carolan alikuwa mtu halisi, aliyezaliwa mwaka 1670. Ndui ilimpofusha akiwa na miaka 18. Mama mmoja wa ukoo wenye ardhi, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi, akamtafutia mwalimu wa kinubi, na baada ya miaka mitatu ya mafunzo akampa farasi na kijana wa kumwongoza njia. Kwa karibu miaka 50 O'Carolan alizunguka nyumba za wakubwa, akimtungia kila mwenyeji wimbo wake. Tungo zaidi ya 200 zinazohusishwa naye zimehifadhiwa, nazo zinapigwa bado. Inasimuliwa kwamba wimbo wake wa kwanza ulihusu vita vya viumbe wa ajabu wakaao ndani ya vilima viwili, simulizi aliyopewa na mwenyeji wake wa kwanza. Kijana kipofu, farasi wa kupewa, na kazi ya kwanza ni kuimba vita vya viumbe wasioonekana: hata mtunzi wa riwaya angesita kuyaweka yote hayo katika ukurasa mmoja. Alifariki mwaka 1738, na katika karne ya 20 Ayalandi iliweka sura yake kwenye noti ya pauni 50.

Ufini nayo ina mzee wake, Väinämöinen. Kijana mwenye kiburi aitwaye Joukahainen alipompinga njiani, mzee hakuchomoa silaha. Aliimba tu, na kijana akaanza kuzama kwenye tope, kiunoni, kifuani, mpaka kidevuni, akawa analia aokolewe. Baadaye mzee huyo alitengeneza kinubi kwa taya la samaki mkubwa. Alipokipiga, wanyama na ndege wakakusanyika, kila mtu akalia, na mwisho yeye mwenyewe akabubujikwa na machozi. Machozi yale yakaingia majini yakawa lulu.

Tungekuwa hatuna mengi ya kusoma juu yake lau si daktari wa wilaya mwenye miguu migumu, Elias Lönnrot. Alisafiri sana kwa miguu akiwatafuta waimbaji wa vijijini. Mwaka 1834 alimkuta mzee Arhippa Perttunen, ambaye alimwimbia kwa siku tatu. Kitabu cha kwanza, Kalevala, kilitoka mwaka 1835, na toleo kubwa la mwaka 1849 lina mistari 22,795. Na je, wajua kuwa Väinämöinen anasema Kiswahili? Jan Knappert, Mholanzi aliyetumia miaka mingi kuchunguza tenzi za pwani yetu, aliitafsiri Kalevala kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1992 na michoro ya msanii wa Tanzania, Robino Ntila. Mtu aliyezoea tenzi hatapata shida na kitabu hicho, maana huko pia shujaa hujulikana kwa maneno yake kwanza, mikono baadaye.

Orfeo wa Wayunani anajulikana zaidi kuliko wote, kwa hiyo nitampitia haraka. Alimfuata mkewe kuzimu akiwa na kinubi tu, akampoteza tena kwa kugeuka nyuma. Alipouawa, wanasema, kichwa chake kiliendelea kuimba kikielea mtoni. Kinubi kikapandishwa mbinguni, na hicho unaweza kukiona kwa macho yako. Mwezi Agosti, kama saa tatu usiku, mtu aliye Dar es Salaam au Mombasa akitazama kaskazini ataona nyota nyeupe yenye mng'aro mkali. Ni Vega, nyota kuu ya kundi la Kinubi, iliyo umbali wa miaka ya nuru 25 hivi.

Kisa cha mpiga filimbi wa Hameln, Ujerumani, kinaumiza zaidi kadiri unavyokichimba. Watoto wengi husimuliwa habari za panya: mgeni mwenye nguo za rangirangi anawatoa panya mjini kwa filimbi, mji unakataa kumlipa, naye anawachukua watoto. Lakini masimulizi ya mwanzo hayana panya hata mmoja. Panya waliongezwa karne ya 16. Yanachotaja ni tarehe 26 Juni 1284 na watoto 130 waliomfuata mpiga filimbi nje ya mji wasirudi. Wako wanahistoria wanaodhani walikuwa vijana waliochukuliwa kwenda kuishi nchi za mashariki. Mji haukusahau. Katika mtaa unaosemekana walipitia, ni mwiko kupiga ngoma au muziki, na hata msafara wa harusi hunyamaza ukifika hapo.

Warusi wanaye Sadko, mpiga ala ya nyuzi iitwayo gusli, fukara wa mji wa Novgorod. Mfalme wa bahari alimpenda akamshusha vilindini ampigie muziki. Mfalme akacheza. Kila alivyocheza, bahari ilichafuka na majahazi yakazama. Sadko alipotambua kinachotokea juu, alikata nyuzi za gusli yake kwa makusudi akasema ala imeharibika. Nakipenda kisa hiki kuliko vingi kwa sababu fundi mkubwa hapa ni yule aliyejua wakati wa kunyamaza.

Katika dunia halisi, wapiga ala wa Urusi walinyamazishwa kwa nguvu. Mwaka 1648 Tsar Aleksei aliwapiga marufuku waimbaji na wachekeshaji wasafiri wa Urusi na kuamuru ala zao ziharibiwe. Msafiri Mjerumani Adam Olearius aliandika kwamba mikokoteni mitano iliyojaa ala ilivushwa ng'ambo ya mto Moskva, ikachomwa moto. Fikiria ni mikono mingapi ilizichonga ala hizo, na ni tuni ngapi ambazo hatutazisikia kamwe.

Japani, vipofu wapigao ala ya nyuzi iitwayo biwa walizunguka karne nyingi wakiimba habari za ukoo wa Heike, ulioangamia katika vita vya baharini vya Dan-no-ura mwaka 1185, mfalme wao mtoto mdogo akizama pamoja nao. Ndipo kikazuka kisa cha Hoichi, kilichojulikana duniani kupitia kitabu cha Lafcadio Hearn cha mwaka 1904. Hoichi anaitwa usiku na askari kumwimbia bwana mkubwa. Ukumbi mzima unalia. Kumbe hadhira ni mizimu ya Heike wenyewe, wakisikiliza habari za kifo chao. Makasisi wanamkinga kwa kumwandika maneno matakatifu mwili mzima, wakasahau masikio. Yule askari wa mizimu akaja, akaona masikio tu, akayang'oa.

Je, wajua kuwa kuna waimbaji wanaoshindana huku wameweka sindano mdomoni? Ni aşık wa Uturuki, wasafiri wa saz, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu. Kwa mapokeo yao, wengi hupata kipaji ndotoni: mzee mtakatifu huwapa kinywaji, nao huamka wakiwa washairi wenye mapenzi ya mtu wasiyewahi kumwona. Katika shindano hilo sindano husimamishwa kati ya mdomo wa juu na wa chini, nao hujibizana kwa mashairi ya papo hapo bila kutumia herufi zinazofumba midomo: b, p, m, f na v. Anayekosea huchomwa. Jaribu kutunga ubeti mmoja tu wa Kiswahili kwa sharti hilo. Umepoteza mtu, mama, moyo, mapenzi, mvua na Mola kabla hujaanza. Mwaka 2009 UNESCO iliingiza sanaa ya aşık wa Uturuki, pamoja na ile ya ndugu zao wa Azabajani, katika orodha ya urithi wa binadamu.

Afrika Magharibi, ala yenyewe ina uhai wa hadithi. Mfalme Soumaoro Kanté wa Sosso, anayehofiwa kwa uchawi, alikuwa na marimba ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Siku moja mtambaji wa adui yake Sundiata, Bala Fasséké, aliiona akashindwa kujizuia. Mfalme akarudi ghafla. Bala akageuza tuni hapo hapo kuwa sifa za mfalme, na roho yake ikapona. Soumaoro alishindwa vitani Kirina mwaka 1235 hivi, lakini marimba inayotajwa kuwa ndiyo ile, yenye mbao 20 na urefu wa kama mita moja na nusu, bado inatunzwa na ukoo wa Kouyaté katika kijiji cha Niagassola, Gine.

Wafang wa Gabon, Kamerun na Ginekweta walitunga nchi nzima ya kubuni kwa ala moja. Mvet hutengenezwa kwa kuti la mwale: nyuzi za asili huchanwa kutoka ganda la kuti lenyewe zikiwa bado zimeshikana nalo mwishoni, halafu vibuyu hufungwa nyuma kukuza sauti. Kwa ala hiyo huimbwa vita vya watu wa Engong wasiokufa dhidi ya watu wa Oku, sisi tunaokufa, ambao hawachoki kuitafuta siri ya uzima. Wasimulizi husema mpiga mvet wa kwanza, Oyono Ada Ngono, alizimia wakati watu wake wakihama, na alipozinduka akawa na ala hiyo na hadithi zake.

Kwetu pwani, shujaa Fumo Liyongo alitoka gerezani kwa muziki. Mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi wasingeutamani. Lakini tupa ina kelele. Liyongo akaomba ichezwe ngoma ya gungu nje ya gereza, na mlio wa pembe, matari na matuazi ukaifunika sauti ya pingu zikikatwa. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyeuandika utendi wa Liyongo mwaka 1913, alikuwa mwenyewe mpiga kibangala na mchongaji, kwa hiyo alijua ngoma yenye kishindo cha kutosha ni ipi.

Nimemweka Mwindo mwisho kwa sababu ningependa ajulikane zaidi na wasomaji wa Kiswahili, nasi tu jirani zake. Ni shujaa wa Wanyanga wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Baba yake, chifu Shemwindo, alikataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa kupitia kidole cha mama yake, akitembea na kusema tayari, mgwisho mkononi. Baba alipomfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, mtoto aliimba humo ndani, na ngoma ikapanda mto kinyume cha maji hadi kwa shangazi yake Iyangura. Safari zake zilizofuata zilimfikisha hadi kuzimu, na kila penye mgogoro aliimba.

Utendi huu uliandikwa mwaka 1956 kutoka kinywani mwa mtambaji Rureke, mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck, na ukachapishwa mwaka 1969 kwa Kinyanga na Kiingereza, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe. Rureke aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza kwa siku 12, hadi sauti na mikono vikagoma. Alishika mgwisho kama wa Mwindo, akitikisa kibuyu chenye njuga. Wanyanga waliamini kuwa roho iitwayo Karisi ndiyo inayotaka utendi uimbwe, nayo humlinda anayeuimba. Pembeni mwa mtambaji vijana walipiga kijiti cha mlio wakiitikia viitikio vya nyimbo, na kwa kufanya hivyo mwaka hadi mwaka, mmoja wao aliujua utendi wote.