Tiva aliyepewa jina akaachiwa huru

Agosti 1988, katika uwanja wa hospitali ya mji mdogo wa Buulobarde, katikati ya Somalia, alionekana ndege wa jamii ya tiva asiyefanana na tiva yeyote aliyeandikwa vitabuni. Miezi michache baadaye akanaswa. Wataalamu walimpima, wakampiga picha, wakamtoa damu kidogo na kuhifadhi manyoya yake, kisha wakafanya jambo lililozua ubishi mkubwa baina yao na wenzao: hawakumuua. Machi 1990 walimwachia katika hifadhi ya Balcad, kaskazini ya Mogadishu, kwa kuwa vichaka vya Buulobarde vilikuwa vimekaribia kwisha. Mwaka uliofuata wakamtangaza kuwa spishi mpya. Walimwita Laniarius liberatus, aliyeachiwa huru.

Nililikuta jina hilo katika kitabu cha zamani cha ndege wa Afrika. Nikalitafuta katika orodha za sasa, sikuliona. Ndege aliyewahi kutajwa miongoni mwa walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, leo hayumo hata miongoni mwa waliokwisha kutoweka. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mama mmoja wa Nairobi ambaye maisha yake yote ya kazi ameyamalizia katika kuandaa na kutunza ngozi za ndege za makumbusho. Hakupenda jina lake litokee gazetini. Vijana anaowafundisha humwita Mama tu, nami nikafuata.

Hakuanza kwa maelezo. Alifungua kabati la chuma, harufu ya dawa ya wadudu ikatutangulia, akavuta droo. Humo walilala tiva, chali, mstari kwa mstari, mabawa yamebanwa ubavuni, miguu imepishanishwa na kufungwa uzi. Mahali pa macho pana pamba nyeupe. Alimwinua mmoja kwa vidole viwili, akanionyesha mshono mwembamba uliofichwa na manyoya ya tumbo. Hapo ndipo kisu hupita, kutoka mfupa wa kidari kushuka chini. Mwili wote hutolewa kupitia uwazi huo, ngozi ikageuzwa kama soksi hadi kwenye fuvu, ubongo na macho vikaondolewa, ngozi ikapakwa boraksi. Zamani walipaka aseniki, ndiyo maana ngozi kuukuu huzishika kwa glavu. Kisha hutia kijiti na pamba, hushona, huyalaza manyoya moja moja kwa kibanio na kuacha ngozi ikauke.

"Hapo bado hujafanya kitu," aliniambia. "Ndege bila lebo ni pambo."

Lebo yenyewe ni kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa mguuni. Alinisomea moja polepole: tarehe, mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, uzito wa ndege kabla hajachunwa. Jinsia huandikwa kwa kuangalia viungo vya ndani, wala si kwa kukisia rangi. Rangi ya macho nayo huandikwa, maana macho hayatabaki. Hata kilichokutwa tumboni huandikwa. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyekwisha kufariki, na Mama alikuwa akimrekebisha mtu huyo kwa sauti, kana kwamba yumo chumbani: hapa ungetaja na kijiji, bwana.

"Huyu ukitilia shaka nilichoandika, mgeukie mwenyewe umuulize," alisema akimrudisha mahali pake. "Mimi nitakufa. Yeye atakujibu."

Huo ndio msingi wa kazi yote ya kutaja viumbe. Jina la kisayansi hufungwa kwa kielelezo kimoja cha msingi, ambacho makumbusho mengi hukitia lebo nyekundu. Kila mwenye shaka hurudi kwacho. Wakati mwingine kielelezo huwa kipande tu. Mwaka 1990, kwenye nyanda za Nechisar huko Ethiopia, watafiti waliokota bawa la ndege wa jamii ya kirukanjia aliyekufa barabarani, na bawa hilo peke yake likatosha kuzaa jina la spishi mwaka 1995. Mama anapenda mfano huo. Yeye mwenyewe hupokea ndege waliogonga vioo vya majengo na waliokanyagwa na magari, na hamdharau hata mmoja.

Wa Buulobarde aliacha damu na manyoya, yakahifadhiwa Copenhagen. Edward Smith, Peter Arctander, Jon Fjeldså na Msomali Osman Gedow Amir waliandika mwaka 1991 kwamba DNA ya ndege huyo mmoja imewathibitishia spishi mpya. Walikuwa wamemtafuta mwenzake wasimpate. Mtu anayeamini kwamba ameshika wa mwisho wa aina yake, amwue ili apate kielelezo? Walishindwa kufanya hivyo, na mimi siwezi kuwalaumu. Wapinzani wao walijibu kwamba jina lisilo na mwili halipimiki tena.

Mwaka 2008 jibu likaja, na lilitoka katika vinasaba vilevile. Watafiti wanne walilinganisha DNA ya tiva wengi, wakakuta kwamba wa Buulobarde hatofautiani na tiva wa kawaida wa kusini mwa Somalia, aliyepewa jina la Carlo von Erlanger mwaka 1905. Miongoni mwa hao wanne alikuwemo Jon Fjeldså yuleyule. Alimpa ndege jina, na miaka kumi na saba baadaye akatia saini ya kulifuta. Uaminifu wa namna hiyo ni adimu katika fani yoyote.

Jina la Erlanger nalo halikudumu. Tiva mweusi tii wa pwani ya Lamu, anayeishi hata kisiwani Manda, alikuwa ameshatajwa na Mjerumani Anton Reichenow mwaka 1879. Ilipoonekana kwamba mweusi huyo na wenzake wenye mabaka meupe ni spishi moja yenye sura tofauti, sheria ya majina ikafuatwa: la kwanza kutangazwa ndilo linaloshinda. Kwa hiyo ndege wa Buulobarde leo huhesabiwa chini ya jina Laniarius nigerrimus.

"Tulikuwa tumehukumu kwa manyoya," Mama alisema. "Lakini nikuulize wewe mwandishi: kwa nini yule mmoja alikuwa na rangi zile?"

Sikuwa na la kumjibu. Damu imeeleza ukoo wake, basi. Mwili ungechunguzwa ngozi, viungo vya uzazi, unyoya mmoja baada ya mwingine, na kila kizazi cha watafiti kingekuja na kifaa chake. Mama alinionyesha tiva wa zamani aliyekatwa kipande kidogo cha ngozi ya wayo. Aliyemchuna ndege huyo hakujua kwamba siku moja DNA itasomwa kutoka hapo. Alimhifadhi tu.

Nilimuuliza kama yeye angemuua.

"Mwaka 1990 ningemwachia," alijibu bila kusita. "Na leo namtaka humu kwenye droo. Yote mawili nayasema kwa moyo mmoja, usinichagulie."

Kisha akageukia jambo linalomuuma zaidi. Vielelezo vingi vya msingi vya ndege wa Afrika Mashariki viko Uingereza na Ujerumani. Kijana wa Lamu au wa Buulobarde anayetaka kuvishika kwa mkono wake aombe viza kwanza. Picha za kompyuta zinasaidia, alikiri, ila picha haikatwi kipande cha ngozi.

Januari 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na utafiti wa ndege ukakatika pamoja na mengine mengi. Wataalamu walipomwachia ndege wa Buulobarde, walidhani wanamwacha peke yake katika vichaka vya Balcad. Tunachojua sasa ni kwamba tiva wa kusini mwa Somalia walikuwa ndugu zake wa spishi moja. Tiva huimba wawili wawili, dume na jike wakipokezana. Je, alipata wa kuimba naye? Na kama waliangua, makinda yao yaliota manyoya ya rangi gani?