AMONIA YA MAJITAKA: IKITOLEWA, HUENDA WAPI?

Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya kitu ambacho wengi hukipita wakiwa wameziba pua, nacho ni majitaka.

Mkojo una yurea. Ukikaa, bakteria huivunja yurea hiyo ikawa amonia. Ndiyo ile harufu inayochoma macho chooni! Ikifika mtoni kwa wingi huua samaki. Kwa hivyo ni lazima itolewe kwanza, lakini vipi?

Sisi wa Kidato cha Tatu tunalijua jaribio hili: changanya chumvi ya amonia na alkali, pasha moto, na gesi itakayotoka itageuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa buluu. Basi mtambo wa majitaka waweza kufanya yayo hayo, ila kwa ukubwa.

Majitaka yakiwa na pH ya 7, zaidi ya asilimia 99 ya amonia huwa ni ayoni zilizoyeyuka majini. Hizo hazitoki ng'o! Chokaa ikitiwa hadi pH ifike 11, karibu asilimia 98 huwa gesi. Ndipo maji hupandishwa juu ya mnara, yakadondoka matone matone huku feni zikivuta hewa ipite kati yake. Hewa huondoka na gesi. Mji wa South Lake Tahoe, Marekani, ulikuwa na mnara kama huo miaka ya 1970, lakini baridi iliusumbua kwani maji baridi hayaachi gesi upesi.

Njia nyingine ni klorini, ambayo hugeuza amonia kuwa naitrojeni, gesi isiyodhuru. Tatizo ni gharama: kila gramu 1 ya naitrojeni iliyo katika amonia huhitaji klorini gramu 7.6 hivi, au hata zaidi.

Sasa tuulizane: mnara ukiipeperusha amonia angani, si mvua itairudisha chini? Hapo tutakuwa tumeruka majivu tukakanyaga moto. Dawa ni kuipitisha hewa hiyo katika asidi ya sulfuriki. Asidi huinasa amonia, ikawa salfeti ya amonia, yaani ile mbolea ya SA ambayo wakulima wa mpunga kule Mwea hutia mashambani.

Kwa maoni yangu, anayejenga mnara bila tangi la asidi amefanya nusu ya kazi. Kuhamisha uchafu si kuusafisha, jamani.