Digrii ya uuguzi: Mzazi apige hesabu kabla ya kuuza mzigo

KUTOKA Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, hadi Muhimbili ni mwendo wa miguu usiofika saa moja. Mtu anapita Fire, anavuka Barabara ya Morogoro, anaingia Upanga na kukuta mageti ya hospitali na ya chuo kikuu.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo na mkulima anayeleta mzigo sokoni, safari hiyo fupi inaweza kuchukua akiba ya miaka mingi. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wapo wanaoamua kuuza mpunga, ng'ombe au kiwanja ili mtoto asome uuguzi.

Uamuzi huo si mbaya. Kasoro ni kwamba wazazi wengi huuliza swali moja tu: "Ada ni kiasi gani?" Maswali mengine matatu huachwa: mtoto ataanza kulipwa mwaka gani, atalipwa na nani, na kuna njia ya gharama nafuu zaidi ya kufika palepale?

Muhimbili inatoa nini

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kina historia ndefu. Kilianza mwaka 1963 kikiwa shule ya udaktari ya Dar es Salaam, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1991, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea.

Katika uuguzi, mwanafunzi anaweza kusoma shahada ya kwanza ya sayansi ya uuguzi au shahada ya kwanza ya ukunga. Masomo huchukua miaka minne, na sehemu kubwa ya muda hutumika wodini.

Baada ya hapo ipo shahada ya uzamili. Muuguzi mwenye digrii anaweza kubobea katika uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, afya ya akili, au ukunga na afya ya wanawake. Anayetaka kufundisha vyuoni au kufanya utafiti huendelea hadi uzamivu.

Umuhimu wa ubobezi huo Kariakoo inaufahamu. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka katika eneo hilo na kuua watu. Majeruhi walikimbizwa hospitali za jijini. Siku kama hiyo, muuguzi anayejua kumhudumia mtu aliyepondwa na zege ni sehemu ya usalama wa soko lenyewe.

Muhimbili si mlango pekee. Jijini Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Kairuki kilichopo Mikocheni kinatoa shahada ya uuguzi. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini ina programu ya shahada kwa wauguzi wenye stashahada, iliyopangwa ili asome bila kuacha kazi. Nje ya Dar es Salaam kuna KCMC Moshi, Bugando jijini Mwanza na Chuo Kikuu cha Dodoma.

Njia mbili, mkoba mmoja

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja. Mtoto anamaliza kidato cha nne, anasoma miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita katika mchepuo wa sayansi, hasa Kemia, Biolojia na Fizikia, kisha miaka minne ya digrii. Baada ya hapo kuna mwaka mmoja wa utarajali hospitalini.

Jumla ni miaka saba tangu kidato cha nne. Katika mwaka wa utarajali kijana hupata posho, lakini miaka sita ya mwanzo mzigo wote uko kwa mzazi, mkopo au vyote viwili.

Njia ya pili ni ya ngazi. Aliyefaulu kidato cha nne, yakiwamo masomo ya Kemia, Biolojia na Fizikia, anaweza kujiunga na chuo cha uuguzi kwa stashahada ya miaka mitatu. Akihitimu na kupata leseni, anaweza kuomba kazi. Baadaye, kama wastani wake ni mzuri, kwa kawaida daraja B, anaomba digrii.

Njia hii ina faida moja ambayo mfanyabiashara ataielewa haraka: mtaji unazunguka. Kijana anaanza kuingiza fedha mapema, na digrii anaweza kujilipia mwenyewe. Hasara yake ni kwamba safari nzima hadi digrii ni ndefu zaidi, na asiyetunza alama za stashahada hujikuta amefungiwa mlango wa juu.

Familia yenye watoto watano na duka moja haina budi kuipima njia hii ya pili kwa uzito. Familia yenye mtoto mwenye alama nzuri za kidato cha sita na nafasi ya mkopo haina sababu ya kumrudisha nyuma.

Katika utumishi wa umma tofauti ya elimu huonekana kwenye cheo. Mwenye cheti huajiriwa kama Muuguzi, mwenye stashahada kama Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye digrii kama Afisa Muuguzi. Kila cheo kina ngazi yake ya mshahara.

Upungufu si ajira

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wanasikia kwamba nchi ina upungufu wa wauguzi, wanaamini kwamba kila anayehitimu atapata kazi. Mambo hayaendi hivyo.

Mkulima wa vitunguu anaijua hali hii. Mzigo unaweza kuoza ghalani wakati kuna watu wanaouhitaji, kwa sababu wanaouhitaji hawana fedha. Vivyo hivyo, zahanati ya kijijini inaweza kuhitaji wauguzi watatu, lakini kama serikali haijatoa kibali na bajeti ya kuwalipa, wahitimu watabaki nyumbani.

Zamani mhitimu wa chuo cha afya alipangiwa kituo moja kwa moja. Leo nafasi hutangazwa kwa awamu na waombaji hushindana. Hivyo mzazi aweke katika hesabu yake kipindi cha kusubiri baada ya leseni, na kijana awe tayari kwenda mkoa wowote au kuanzia hospitali binafsi na za mashirika ya dini.

Lipo pia jambo la kutia matumaini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Bima ikiwafikia wengi, hospitali zitakuwa na fedha za uhakika zaidi za kuajiri. Lakini hilo ni tarajio, na mfanyabiashara makini hakopi kwa tarajio peke yake.

Wapo wanaotazama nje ya nchi. Nchini England, tangu mwaka 2013 mafunzo mapya ya uuguzi yamekuwa ya ngazi ya digrii. Mtanzania anayetaka kusajiliwa huko hupimwa upya na huonyesha uwezo wake wa Kiingereza.

Mkopo na kalenda ya shamba

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hukopesha kwa kuangalia hali ya familia. Mwaka 2023 ilianza kuwafikia pia wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa, afya ikiwamo.

Mkopo hurudishwa. Mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa shilingi milioni 1, makato ni shilingi 150,000 kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyowahi kuwaumiza wengi, iliondolewa mwaka 2021.

Maombi ya mkopo na ya chuo hufunguliwa katikati ya mwaka. Mzazi asisubiri siku za mwisho kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwani lazima kihakikiwe na RITA. Jina likitofautiana herufi moja na lile la cheti cha shule, usumbufu unaanza.

Mkulima wa mpunga huvuna kati ya Mei na Julai, bei zikiwa chini. Vyuo vikuu hufunguliwa karibu na Oktoba au Novemba. Anayeuza gunia zote wakati wa mavuno ili "fedha ya ada iwepo" anapoteza mara mbili: anauza kwa bei ndogo, na fedha inakaa ndani ikimegwa kidogo kidogo. Ni afadhali kutenga gunia za ada, kuzihifadhi vizuri na kuziuza karibu na siku ya kulipa. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu, hivyo si lazima fedha yote itoke kwa mkupuo.

Kabla ya kutoa fedha

Mambo manne yanafaa kuthibitishwa. Kwanza, kozi ya digrii iwe kwenye kitabu cha udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Chuo cha stashahada kiwe kwenye orodha ya NACTVET.

Pili, chuo kitambuliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Chini ya sheria ya mwaka 2010, bila usajili na leseni ya baraza hilo hakuna kufanya kazi ya uuguzi, hata mtu awe na cheti kizuri namna gani.

Tatu, ada ilipwe kwa namba ya malipo au akaunti ya chuo. Anayedai "ana mtu wake ndani" na kutaka atumiwe fedha kwenye simu hana tofauti na dalali anayeuza mzigo usio wake.

Nne, mtoto aulizwe. Uuguzi ni kazi ya usiku, ya kusimama saa nyingi na ya kuona vifo. Aliyesukumwa na mzazi anaweza kuikimbia mwaka wa pili, na ada iliyokwisha lipwa hairudi.

Digrii ya uuguzi ni mali kwa aliyeipata kwa njia inayolingana na mkoba wa nyumbani kwao. Kabla ya kuuza gunia la kwanza, mzazi akae na mtoto wake, karatasi na kalamu mezani, wahesabu miaka pamoja na shilingi.