Kokteli ya rozela: Jirushe nyumbani, lakini mgeni ajue anakunywa nini

Wiki hii tunaingia jikoni, na safari hii si kwa ajili ya pilau. Wapo vijana wanaoamini kwamba kokteli ni kitu cha hoteli za ufukweni tu, kinachochanganywa na jamaa aliyevaa tai ya kipepeo, kisha inafuata bili ya kukukata stimu. Wapi! Ukiwa na rozela kavu kutoka sokoni, sukari, ndimu na chupa ya soda wota iliyolala kwenye friji, basdei ya shoga yako inaweza kufanyika hapo hapo sebuleni na watu wakaondoka wanakusifia.

Rozela wengi mnaijua kama juisi. Dodoma wanaiita choya na wanatengeneza nayo mpaka mvinyo. Sudan na Misri ni karkadee, Senegal ni bissap, na kule Jamaica wanaiita sorrel. Krismasi yao bila kinywaji hicho ni kama Idi bila biriani. Tunachotumia ni vile vikombe vyekundu vinavyonenepa baada ya ua lenyewe kudondoka. Vina uchachu wa asili na rangi ya kutosha, kwa hiyo rangi za dukani waachie wenye keki.

Shira kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo. Chemsha vikombe vitatu vya maji pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa, iliki tatu na karafuu nne. Acha yachemke dakika tano. Weka kikombe kimoja cha rozela kavu, uliyoiosha haraka haraka kuondoa vumbi, kwenye bakuli la kauri au la enameli, kisha mimina maji hayo juu yake na ufunike. Usiichemshie rozela ndani ya sufuria ya alumini, maana uchachu wake unakula alumini na ladha inakuwa ya ajabu.

Baada ya dakika 20, chuja. Weka sukari kikombe kimoja na nusu wakati bado ni ya moto, koroga mpaka iyeyuke. Ikipoa, tia kwenye chupa safi ya glasi na uiweke kwenye friji. Itakaa wiki moja bila matata. Usitupe rozela yote iliyobaki kwenye chujio, bakiza vikombe vizuri vizuri, vina kazi yake.

Ukipenda harufu ya Kipwani, dondoshea matone machache ya maji ya waridi. Nasema yale ya kupikia, jamani, si marashi ya kujipulizia!

Namna ya kuchanganya

Kwa glasi moja, weka barafu, vijiko vitatu vya mezani vya shira na kijiko kimoja cha maji ya ndimu. Anayekunywa kali aongezewe toti moja ya Konyagi, mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Koroga. Halafu mimina soda wota taratibu ukipitishia pembeni ya glasi, kama mililita 150, na koroga mara moja tu kutoka chini kwenda juu.

Siri ya povu ni ubaridi. Maji ya baridi yanashika gesi, ya moto yanaiachia. Ukifungua soda wota iliyokaa juani, gesi yote inaishia hewani na wageni wako wanakunywa sharubati. Na usije ukaitikisa baada ya kutia soda, utapaka rangi ukuta wa mwenye nyumba. Mwisho, dumbukiza kikombe kimoja cha rozela ndani ya glasi. Mapovu yatakikwea mpaka watu wasahau kunywa, wabaki kuangalia.

Mwenye nazo anaweza kuacha Konyagi na soda wota, akatia vijiko viwili vya shira kwenye glasi ya mvinyo mweupe wenye povu. Wafaransa wana mtindo kama huo unaoitwa Kir Royale. Jina limetokana na padri Félix Kir, aliyekuwa Meya wa Dijon kuanzia mwaka 1945 hadi alipofariki mwaka 1968. Wao wanatumia pombe tamu ya tunda jeusi, wewe una choya yako.

Tamu, lakini ina meno

Sasa tuongee kiutu uzima. Toti ya mililita 30 yenye kilevi asilimia 35 ina karibu mililita 10 na nusu za kilevi chenyewe. Bia kubwa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo glasi mbili na nusu za kokteli yetu ni sawa na bia moja kubwa. Hapo ni kama umepima. Ukimimina kwa macho, kwa ule mtindo wa "ongeza kidogo mwanangu", theluthi moja ya glasi ya robo lita ni zaidi ya mililita 80, na glasi moja tu imeshaipita ile bia. Sukari na ndimu zinaficha ukali, mtu anadhani anakunywa juisi, anakuja kushtuka akitaka kusimama.

Ndiyo maana nasema tengeneza majagi mawili. Moja lina kali, moja halina, na uyaandike kwa kalamu nene ili hata aliyechelewa ajue. Dada anayenyonyesha, kaka anayeendesha gari, Mwislamu anayeshika dini yake, aliyeamua tu kwamba leo hanywi: wote wapate glasi nzuri ile ile, yenye povu lile lile, bila kuulizwa maswali. Kumtilia mtu kali kwa siri "achangamke" si utani. Ni kumnyang'anya mtu akili zake, na yanayofuata usiku huo tunayajua. Walio chini ya miaka 18 jagi lao ni moja tu.

Na gongo? Hapana. Pombe isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa na methanoli, ambayo inapofusha macho na kuua, na huwezi kuijua kwa kuonja. Mwezi Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100. Rozela inaficha ladha, haiondoi sumu.

Si kila ua la kunywa

Najua mkishaona rozela imependeza, wajanja wataanza kuchungulia bustani za majirani. Tulia! Oleanda, ule mti wa uzioni wenye majani membamba na maua ya pinki au meupe, una sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Mnanaha nao unamtia mtu wazimu. Hata mawaridi ya kwenye shada la harusi yanaweza kuwa yamepuliziwa dawa ya wadudu, kwa hiyo yaache mezani yapendeze. Na anayetumia vidonge vya presha, au mjamzito, amuulize daktari kwanza, kwa sababu rozela inaweza kushusha presha.

Haya, kazi kwenu. Jumamosi ikifika, weka muziki, toa majagi yako mawili, na mgeni akiuliza, "Humu mna nini?", mtajie kila kitu mpaka karafuu. Tukutane wiki ijayo.