Mgagani na Marejea: Ua Likitokeza, Mkulima Aamue

Kata ya Bugwema, katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma mkoani Mara, iko kwenye ukanda wa Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua ni kali karibu mwaka mzima. Mvua huja mara mbili: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, kisha masika kuanzia Machi hadi Mei. Mahindi, mtama, mihogo, dengu na pamba ndiyo mazao yanayohesabiwa zaidi. Lakini ipo mimea miwili midogo yenye maua mazuri inayostahiki nafasi katika mashamba hayo: mgagani na marejea. Mmoja ni mboga inayokula sana rutuba ya udongo, na mwingine ni mbolea inayoirudisha. Ukijua kila mmoja unataka nini, utaona kwamba inapaswa kupandwa kwa kupokezana.

Mgagani, ambao wanasayansi huuita Gynandropsis gynandra, ni ndugu wa karibu wa jamii ya kabichi. Jani lake limegawanyika vidole vitatu hadi saba, shina lina vinyweleo vinavyonata, na maua ni meupe au yenye wekundu kwa mbali, yakiwa na nyuzi ndefu zilizochomoza nje. Wajaluo huuita akeyo au dek, na Wakisii huuita chinsaga. Marejea, Crotalaria ochroleuca, ni wa jamii ya kunde. Huweza kumpita mtu kimo, una majani membamba, maua ya njano yenye mistari ya kahawia, na maganda ambayo yakikauka hulia ukiyatikisa. Majani yake machanga nayo huliwa, hasa na Wajaluo, waliozoea kuyaita mitoo.

Tuanze na jua. Mimea mingi, marejea ikiwemo, hunasa hewa ukaa kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho rubisko. Joto likizidi, kimeng'enya hiki hukosea mara kwa mara: hushika oksijeni badala ya hewa ukaa, na mmea hupoteza nguvu kurekebisha kosa hilo. Mgagani umelikwepa tatizo hili. Kama mahindi, mtama na muwa, hunasa hewa ukaa kwanza katika seli za nje za jani, kisha huisukuma na kuirundika katika seli zinazozunguka mishipa, ambako rubisko inafanya kazi bila kubahatisha. Kwa hiyo jani halihitaji kufungua sana matundu yake, na maji yanayopotea hewani ni machache. Ndiyo maana mgagani hukua kwa kasi juani, lakini hudhoofika kivulini, kwenye baridi na mahali maji yanapotuama. Katika udongo mzito wa mfinyanzi, upandwe kwenye matuta.

Kasi hiyo ina gharama yake. Majani mengi yanahitaji naitrojeni nyingi, na mgagani hauwezi kujitengenezea. Huichota yote ardhini, na ndiyo sababu huota vizuri zaidi karibu na maboma ya ng'ombe na majalala ya samadi.

Marejea hufanya kinyume chake. Mizizi yake hukaribisha bakteria wanaojenga vinundu na kugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Mkulima anaweza kuhakikisha mwenyewe: ang'oe mche mmoja taratibu, apasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi. Kwa sababu hiyo marejea huvumilia udongo uliochoka ambao mgagani ungedumaa ndani yake. Mzizi wake mkuu huzama na kupenya tabaka gumu, na majani yake mengi hufunika magugu. Mimea ya jenasi ya Crotalaria inajulikana pia kwa kupunguza minyoo fundo inayoshambulia mizizi ya nyanya na mboga nyingine.

Hapa Tanzania, marejea ilipata mtetezi mkubwa katika Abasia ya Peramiho, mkoani Ruvuma. Mmonaki Mbenediktini, Padri Gerold Rupper, aliwahimiza wakulima kuitumia kama mbolea ya kijani. Baadaye, huko Kyela, mkoani Mbeya, watafiti na wakulima waliijaribu katika mashamba ya mpunga yaliyosumbuliwa na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Mpunga uliofuata baada ya marejea ulinufaika. Kwa Kanda ya Ziwa, ambako kiduha ni adui wa siku nyingi wa mtama na mahindi, somo hilo lina thamani kubwa.

Sasa tuje kwenye ua, maana hapo ndipo mkulima anapopata au anapopoteza. Mgagani ukianza kutoa maua, chakula kinaelekezwa kwenye mbegu. Majani mapya huwa madogo na machache, na msimu wa kuchuma unaisha. Dawa ni kukata kilele mapema, ili machipukizi ya pembeni yatoke, na kuendelea kuyaondoa maua yanapojitokeza. Ukame huharakisha maua. Naitrojeni ya kutosha huyachelewesha, na kuchuma kunaendelea kwa wiki nyingi zaidi.

Kwa marejea, ua ni ishara ya kukata. Maua ya kwanza yanapofunguka, mmea umejaa naitrojeni na shina bado ni laini. Ukikatwa na kufukiwa wakati huo, vijidudu vya udongo huuozesha upesi na kuachia chakula. Ukisubiri hadi maganda yakauke, shina linakuwa kama ukuni, na vijidudu hulazimika kukopa naitrojeni ya udongo ili kuliozesha. Zao linalofuata hubaki na njaa kwa muda. Mbegu nazo zisipewe mifugo, kwa kuwa mbegu za Crotalaria zina sumu zinazoweza kuharibu ini.

Jikoni, mgagani ndio wenye heshima. Majani yake yana protini, chuma, kalisi, vitamini C na viini vya vitamini A. Uchungu wake umetokana na kemikali zinazoukinga mmea dhidi ya wadudu. Kuchemsha hupunguza uchungu, lakini pia hupoteza vitamini C, hivyo maji yawe machache na moto wa muda mfupi. Desturi ya kuupika kwa maziwa ina msingi wa kisayansi: mafuta ya maziwa huusaidia mwili kufyonza viini vya vitamini A.

Kinga hiyo ya mmea huwagusa hata kupe. Mwaka 1992, utafiti uliofanyika Kenya ulichapishwa ukionyesha kwamba mgagani huwafukuza kupe, wakiwemo wanaoeneza ndigana kali. Haitoshi kuacha josho, lakini kwa mkoa wa wafugaji kama Mara ni jambo la kufuatilia.

Ratiba basi inajipanga yenyewe. Marejea ipandwe mvua za vuli zikianza, ikatwe maua yanapofunguka, kwa kawaida Januari au Februari, kisha ifukiwe ioze kwa wiki mbili au tatu. Machi, mgagani uchukue nafasi, katika mistari yenye nafasi ya sentimita 30. Mbegu zifukiwe kina cha sentimita moja, kwa sababu mwanga huzizuia kuota. Tena zisiwe mpya: mbegu za mgagani hulala kwa miezi kadhaa baada ya kuvunwa. Zilizokusanywa Juni zitakuwa zimeamka vizuri ifikapo Machi. Kwa kila mmea, yaachwe mashina machache yakomae kwa ajili ya mbegu.

Maafisa ugani wa Musoma, Bunda na Butiama wasifundishe mboga siku moja na mbolea siku nyingine. Mimea hii miwili ifundishwe pamoja, katika shamba moja la mfano, kuanzia vuli hadi masika. Familia isiyo na fedha ya mfuko wa mbolea itakuwa imeutengeneza kwa mbegu zake yenyewe, na itaila faida yake kwa ugali.