Kabla ya kulipia jiko la indaksheni, tafuta sumaku kwanza

Disemba iliyopita nilimbebea mama jiko la indaksheni hadi Nkubu. Nilikuwa nimelinunua mtandaoni kwa bei ya ofa, na nikajiona mtoto wa maana sana. Tukaliweka mezani, tukachomeka, mama akaweka sufuria yake ya chai. Jiko likalia pii, pii, pii, likaandika E0, kisha likazima. Tukajaribu sufuria ya pili, ya tatu, mpaka ile kubwa ya mukimo wa wageni. Zote E0.

"Sasa hapa nitapika na nini?" mama akauliza.

Jiko halikuwa bovu. Shida ilikuwa sufuria, na hilo ningelijua bure kabisa kabla ya kutoa hata shilingi.

Iko hivi. Chini ya kile kioo cheusi kuna koili ya waya wa shaba. Stima ikipita hapo inatengeneza nguvu ya sumaku inayogeuka maelfu ya mara kwa sekunde, na nguvu hiyo ndiyo inayopasha moto kitako cha sufuria yenyewe. Kioo hakiwaki, kinapata joto kutoka kwa sufuria tu. Ndiyo maana chai inachemka haraka na joto kidogo sana linapotea hewani. Lakini kitako lazima kiwe cha chuma kinachoshika sumaku, na sufuria nyingi za kwetu, zile tunazonunua Gakoromone, ni za alumini. Alumini haishiki sumaku.

Kwa hivyo chukua sumaku yoyote, hata ile ya kubandika kwenye friji, uiguse kwenye kitako cha kila sufuria nyumbani. Ikishika vizuri, sufuria hiyo itafanya kazi. Ikiteleza, haitafanya. Usidanganywe na neno stenlesi: zingine zinashika, zingine hazishiki, kwa hivyo pima kila moja. Kitako pia kiwe bapa. Kikaango kizito cha chuma cha kupikia chapati kwa kawaida hupita mtihani huu bila shida.

Kama zote zimefeli, hesabu sufuria mpya mbili kama sehemu ya bei ya jiko. Mimi hapo ndipo ofa yangu iliisha. Ama uliza jiko la infraredi, ambalo nalo lina kioo cheusi na wauzaji wengine hulichanganya na indaksheni. Hilo linawaka jekundu chini ya kioo na linakubali sufuria yoyote, ila kioo chenyewe kinakuwa moto sana na joto jingi linapotea.

Sasa tuongee tokeni, kwa sababu hili ndilo swali mnaloniuliza zaidi. Jiko la wati 2,000 likiwa juu kabisa kwa nusu saa linakula uniti 1. Kuchemsha lita 2 za maji ni kama robo uniti. Kujua bei yako halisi, fungua SMS ya tokeni ya mwisho kutoka Kenya Power, chukua pesa ulizolipa, gawanya kwa uniti ulizopata. Hapo hata ushuru umo ndani.

Lakini kuna mtego. Tangu Aprili 2023, nyumba inayotumia hadi uniti 30 kwa mwezi inalipa bei ya chini kabisa. Kutoka 30 hadi 100 bei inapanda, na zaidi ya 100 inapanda tena. Tuseme mnatumia uniti 25 za taa, TV na simu. Mkianza kupikia stima uniti moja na kidogo kila siku, mtafika kama 60. Mmehama kundi, na kila uniti inakuwa ghali kuliko mlivyozoea. Kwa hivyo piga hesabu kwa bei ya kundi jipya, halafu ulinganishe na siku ambazo mtungi wako wa gesi wa kilo 6 hukaa.

Githeri ni hadithi tofauti. Meru tuko juu, maji yetu yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, na mahindi makavu yanajua hivyo! Kwa masaa mawili matatu ya moto, heri jiko la kuni au presha kuka. Na presha kuka pia uipime kwa sumaku.

Kuhusu nyaya: wati 2,000 ni mzigo wa zaidi ya ampea 8. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba yenye TV na friji. Kama unaishi ploti ya Makutano yenye mita ya pamoja, ongea na landilodi kabla hujanunua.

Halafu malipo. Yule muuzaji wangu alinitumia namba ya mtu binafsi, eti till ilikuwa na shida siku hiyo. Nikalipa. Nilipotaka kubadilisha jiko, hakushika simu tena, na sikuwa na risiti. Nafanya kazi kwenye kampuni ya malipo, na bado nilinaswa. Ukiagiza mzigo kutoka Nairobi, lipia kwenye till, na jina linalotokea liwe la duka unalolijua. Likiwa jina lingine, katisha hapo hapo. Ukiweza, lipa baada ya kupokea mzigo na kuujaribu na sufuria yako mwenyewe. Usifute SMS ya malipo mpaka waranti iishe.

Mama siku hizi ana sufuria mbili za kitako cha chuma. Chai ya asubuhi na ugali wa jioni ni hapo. Gesi ameiweka kando kwa siku ambazo stima imepotea, na githeri bado iko kwa kuni.